Propela ya Bartholomeo Banzi

Ungepita barazani kwa Bartholomeo Banzi, njia ya kwendea Kilakala, mwaka ule wa tisini na saba, usingedhani kuna jambo la kukusimamisha. Ungemwona mzee wa miaka hamsini na minane, mfupi, mkavu, kaptula ya khaki imejaa vumbi la mbao na penseli nyekundu juu ya sikio, anaranda ubao wa kitanda taratibu kama mtu anayempaka mtoto mafuta. Upande wa pili wa baraza hiyo hiyo ungemwona Mwaisha, mama Asia, na cherehani yake ya miguu. Walikuwa wamekaa hivyo mwaka wa pili, mmoja na vumbi lake, mwingine na nyuzi zake, wakigombana kila asubuhi juu ya nani afagie.

Lakini ungemuuliza kazi yake, asingekwambia ni seremala. Angesema, "Mimi fundi wa pateni," halafu angenyamaza akingoja uulize pateni ni kitu gani, maana hakuna kilichompa raha kama kulieleza jambo hilo.

Basi tulieleze. Bartholomeo alizaliwa Mgeta, juu kule ambako mawingu huingia jikoni bila hodi, katika nyumba ya wakulima wa kabichi na njegere. Useremala alifundishwa misheni. Alipokuwa kijana akashuka bondeni, kiwanda kimoja cha sukari kikamchukua, wakamweka kwenye karakana ya kuyeyusha shaba. Kule kiwandani kipuri kikivunjika, walikuwa hawaagizi. Fundi wa pateni alichonga kwanza mfano wa kipuri kwa mbao, mfano ukazikwa kwenye mchanga, ukatolewa polepole, shimo likabaki na sura yake, kisha shaba ya moto ikamiminwa humo. Ikipoa, kipuri kipya kinatoka. Magurudumu ya meno, bushi za vinu vya kukamulia miwa, mapanga ya pampu yaliyojikunja kama jani la mgomba lililopigwa upepo: yote hayo Bartholomeo aliyachonga.

Sasa shaba ina tabia yake. Ikipoa, inasinyaa. Ukitaka kipuri cha inchi kumi na mbili, pateni yake lazima izidi kidogo, la sivyo utapata kipuri kinachopwaya. Ili fundi asiumize kichwa kwa hesabu kila siku, kuna rula maalumu, iliyorefushwa makusudi. Kila inchi juu yake imenenepa kiduchu, wala jicho haliwezi kuona. Inasema futi moja, lakini ukiilaza kando ya rula ya dukani, inaipita kwa karibu nusu sentimita. Bartholomeo alikuwa nayo moja, ya chuma, ya futi mbili, aliyopewa na mwalimu wake wa pateni kule kiwandani siku alipohitimu. Yale maandishi madogo yaliyoeleza kuwa ni rula ya shaba yalikuwa yamekwishafutika kwa kidole gumba chake mwenyewe, miaka ishirini na sita ya kuishika mahali palepale.

Halafu likaja soko huria. Vipuri vikaanza kuingia kwa kontena, vinang'aa, vimefungwa kwenye plastiki, na karakana ya kuyeyusha ikafungwa. Bartholomeo alikuwa kwenye orodha ya kwanza ya waliopunguzwa. Pateni zake zikapelekwa kantini kuwa kuni. Aliziona kwa macho yake zikiivisha maharage. Akaondoka na kitu kimoja tu, ile rula ya chuma, imefungwa kwenye kitambaa cha shati kuukuu. Kwa vitanda na madirisha ya watu alinunua rula ya mbao, ya njano, akaitundika msumarini. Ile ya chuma aliiweka kabatini kama mtu anavyoweka cheti cha ndoa.

Ndipo akatokea Abel Mihayo.

Abel alikuwa mtu wa Tabora, mrefu, mwenye sauti ya taratibu, fundi wa zile ndege ndogo zilizokuwa zikinyunyizia mashamba dawa. Ndege ziliuzwa, naye akabaki na ujuzi wake na leseni ndogo ya urubani aliyoipata ujanani. Mtu mwingine angefungua gereji. Abel alikwenda kwenye ghala la shamba la mkonge lililokufa, nje kidogo ya mji, pembeni ya uwanja wa majani uliokuwa wa ndege za shamba hilo, akaanza kuunda ndege yake mwenyewe. Miaka minne. Mabomba membamba ya chuma, mbao nyepesi, kitambaa kilichopakwa rangi mpaka kikakaza kama ngoma, na injini ya lile gari dogo la Kijerumani lenye mgongo wa kobe. Kiti kimoja. Ilikuwa imebaki propela.

Propela ilimpa Abel taabu kuliko injini. Ile ya chuma iliyobaki kutoka ndege za dawa ilikuwa ndefu mno, ingechimba ardhi. Kuagiza Ulaya siku hizo kuliwezekana, milango ilikuwa wazi, lakini wenyewe huchonga kulingana na unavyowaambia. Ukiwaambia vibaya, utangoja miezi kisha upokee pambo la ukutani. Akasikia kuwa njia ya Kilakala kuna mzee aliyechonga mapanga ya pampu miaka ishirini na sita. Akaja na vikaratasi vyake vya vipimo vya propela, kopi za vitabu vya ndege, akasalimia, akavitandaza juu ya ubao wa kitanda cha watu.

Walikaa pale siku tatu wakichagua. Urefu haukuwa na ubishi: inchi sitini kutoka ncha hadi ncha. Ubishi ulikuwa kwenye hatua. Chukua propela kama skrubu na hewa kama ubao: kwa mzunguko mmoja itasonga mbele inchi ngapi? Hiyo ndiyo hatua yake. Na hii ya Abel ilikuwa propela ya kipande kimoja. Ukishaichonga, hatua ndiyo hiyo hiyo, haibadiliki angani wala chini. Vikaratasi vilisema, kwa injini ile, ishirini na sita kama unataka kupaa upesi, thelathini kama unataka mbio ukishakuwa juu.

Abel alitaka thelathini. Ishirini na sita, alisema, ni ya kubebea wagonjwa; yeye anataka kuondoka hapa asubuhi afike Dodoma chai ikiwa bado ya moto.

Bartholomeo alimwonyesha baiskeli yake ya Kichina iliyoegemea ukuta. "Ina gia ngapi ile?"

"Moja."

"Mjomba wangu alikuwa nayo kama hiyo. Akabadilisha meno ya nyuma, akaweka madogo, awe na mbio kwenye lami. Kwenye lami hakuna aliyemkamata. Siku ya kupandisha Mgeta na gunia la chumvi, alishuka akasukuma." Akaichomoa penseli sikioni. "Wewe kule mwisho wa uwanja, kwenye mikaratusi, utashuka usukume?"

Mwisho wa uwanja ule, kweli, palikuwa na safu ya mikaratusi iliyopandwa na wenye shamba zamani kukinga upepo, na ilikuwa imekua bila mtu wa kuikata.

Abel alicheka. Wanyamwezi na Waluguru ni watani tangu enzi za misafara, na kati ya watani neno haliumi. "Mluguru akishazaliwa mlimani anadhani dunia nzima ni mlima."

"Na Mnyamwezi akishatembea kwa miguu mpaka pwani anadhani miti itampisha."

Wakaandika ishirini na sita.

Mbao zilitoka Mgeta. Misheni walikuwa wamebadilisha mabenchi ya kanisa, na yale ya zamani yalikuwa ya mkangazi uliokauka miaka thelathini chini ya makalio ya waumini. Mbao kavu namna hiyo hazinunuliki. Bartholomeo alizipasua, akazigandisha sita, moja juu ya nyingine, kwa gundi ile ya kuchanganya makopo mawili, akazibana siku nne.

Siku ya kupima alivaa shati safi. Akafungua kabati, akakunjua kitambaa, akatoa rula ya chuma. Ile ya njano aliiacha msumarini. Hakufikiri hata kidogo. Mkono ulikwenda wenyewe, kama ulivyokwenda miaka yote: kazi ya kitanda, rula hii, kazi ya mashine, rula ile. Na tangu kantini ilipochoma pateni zake, hii ilikuwa kazi ya kwanza ya mashine kumfika mkononi. Mkewe, Yuliana, alipita na sahani ya mihogo akamwona ameinama juu ya ule mkangazi anapiga mluzi, akarudi ndani bila kumsemesha. Alikuwa hajausikia mluzi huo miaka miwili.

Alichonga wiki tano. Patasi, tupa, msasa, kisha kiganja. Kiganja ndicho kilichokuwa kinajua zaidi. Ilipokwisha aliichomeka kwenye chuma chembamba katikati, na propela ikatulia sawasawa kama mizani ya duka la mtu mwaminifu. Abel alikuja kukagua. Bartholomeo alimkabidhi rula, ile ile ya chuma. Kutoka katikati hadi ncha, inchi thelathini upande huu. Thelathini upande ule. Abel alitikisa kichwa kwa heshima, akasema hajapata kuona kitu kilichopimwa hivyo.

Jumatano wakaifunga kwenye ndege, wakaufunga mkia kwa kamba ya mkonge kwenye kisiki, wakawasha. Ndege ikiwa imesimama, injini ilitakiwa kufika mizunguko elfu mbili na mia saba kwa dakika. Kwenye kioo cha geji Abel alikuwa ameweka alama nyekundu kwenye elfu mbili na mia sita: chini ya hapo haruki, basi. Majani yalilala nyuma ya mkia, kofia ya Bartholomeo ikaenda zake, na mshale ukapanda, ukapanda, ukasimama. Elfu mbili mia tano na themanini.

Walijaribu mara nne. Hapo hapo.

Abel alizima injini, akashuka, akaitazama propela. Na Bartholomeo, jamani, kiburi kikampanda. Alisema propela ile ameipima mara tatu, na Abel mwenyewe ameipima. Kama anatafuta kosa, akalitafute kwenye kabureta yake ya kontena. Alilisema kwa ukali, si kwa utani. Abel akainamisha kichwa, akasema kweli mzee, itakuwa injini, nitaifungua.

Sasa jueni kilichokuwa kinamkimbiza Abel. Mkaguzi wa ndege alikuwa amekuja kutoka Dar mara mbili, akagongagonga kila bomba, mwisho akaandika barua: ruhusa ya safari moja ya majaribio, Jumamosi asubuhi, naye atakuwepo. Jumamosi ikipita, masika yanaingia, uwanja unakuwa tope mpaka Juni, na barua ya pili haina mwenye kuiahidi. Abel akasema kama injini haitafika alama, ataruka alfajiri hewa ikiwa baridi, mafuta robo tangi, na mikaratusi ataiona mbele ya safari.

Bartholomeo aliichukua propela akairudisha kwake, kuipaka vanishi ya mwisho. Usiku huo alilala usingizi mzito. Kosa halikuwa lake.

Ijumaa, baada ya swala, Mwaisha alirudi akamaliza mfuko. Propela ya mbao haitakiwi kulala kwenye umande, huvishwa. Bartholomeo alikuwa amemwagizia mfuko wa turubai, akamtajia inchi sitini, naye Mwaisha akashona sitini na nusu, ile nusu ya kupumulia. Akaja nao benchini, akauvuta upande huu, akauvuta upande ule.

"Fundi, shikamoo. Mfuko haufungi."

"Marahaba. Vuta."

"Nimevuta mpaka vidole vinauma. Ncha imebaki nje."

Bartholomeo alikuja akatazama. Ncha ya mkangazi ilichungulia mdomoni mwa mfuko kama ulimi. Alimwambia mama Asia asijisumbue, kosa ni la futi yake. Hizi futi za siku hizi za kitambaa, za kontena, wanaozichapa wanasinzia. Au ameifua ikasinyaa.

"Futi yangu haijaoga hata siku moja," Mwaisha alisema. "Na imeshonea sare watoto wa shule nzima, hakuna aliyerudi na sketi fupi."

Ndipo Bartholomeo, kwa huruma kabisa, akaingia ndani akatoa rula ya chuma ili amwonyeshe. Akailaza juu ya propela: sitini, mama, si unaona. Mwaisha hakubishana. Alilaza futi yake kando ya ile rula, akaibana kwa kidole mwanzo, akainyoosha mpaka mwisho. Rula ilisema ishirini na nne. Futi ilisema ishirini na nne na zaidi ya theluthi ya inchi. Akainuka, akaitungua rula ya njano msumarini, akailaza nayo. Ya njano na futi zilikwenda pamoja kama mapacha.

"Wawili wanasema hivi, mmoja anasema vile," akasema. "Kwetu sisi, huyo mmoja ndiye anayeulizwa."

Bartholomeo alikaa chini kwenye vumbi lake la mbao.

Mwaisha alidhani ni presha. Alimletea maji kwenye kikombe cha bati, akampepea na kipande cha turubai, akamuuliza ni kosa kubwa kiasi gani. Bartholomeo akamwambia propela imezidi inchi moja kasoro kidogo. Mwaisha akasema mbona sketi ikizidi inchi moja tunaikunja tu, ya nini kuzimia?

"Hii haikunjiki, mama Asia."

"Basi kata."

Aliinua macho akamtazama. Ni kweli. Ingekuwa fupi, ingekuwa kuni. Ilikuwa ndefu, na urefu huo ndio ulioielemea injini. Shaba ilikuwa imemfundisha kuzidisha, hata siku moja si kupunguza, na leo hilo lilikuwa limemwachia mlango.

Alifunga propela kwenye baiskeli, imevaa mfuko wake na ncha nje, akatia msumeno, tupa na msasa kwenye kapu, akaazima futi ya Mwaisha, akaondoka. Milima ya Uluguru ilikuwa kushoto kwake, imevaa mawingu yake ya mchana. Na njiani, akikanyaga, akapata wazo la kumpoza. Hakuna haja ya kusema. Atamwambia Abel kwamba amefikiri, wakate ncha kidogo, wajaribu. Mshale utapanda. Abel atasema mzee una akili. Ile rula itarudi kabatini na kitambaa chake, na hakuna atakayejua kwamba fundi wa miaka ishirini na sita alishindwa kuchagua rula. Kadiri alivyokanyaga, ndivyo wazo lilivyozidi kuwa tamu.

Alimkuta Abel ghalani, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko, amechangamka.

"Mzee Batho, shikamoo. Njoo uone. Nimefungua kabureta, safi. Nimefungua vichwa, safi. Sasa nimeuvuta moto mbele."

Bartholomeo alimuuliza ndiyo nini hiyo. Abel akaeleza: ameusogeza moto wa plagi uwahi kuwaka kuliko ilivyokuwa, injini ipate nguvu. Itapiga kelele kidogo, itapata joto, lakini kwa nusu saa itavumilia. Yeye ameona ni afadhali injini iteseke kidogo kuliko kuibughudhi propela iliyopimwa vile.

Bartholomeo aliisikia ile "iliyopimwa vile" na kuirudia moyoni. Hakuwa fundi wa injini, lakini alikuwa ameishi na mashine kiasi cha kujua maana ya mashine inayolazimishwa. Angekata ncha na kunyamaza, kesho huyu mtu angekwenda juu ya mikaratusi na injini aliyoiharibu kwa mkono wake, kwa kuamini rula.

Aliiegemeza baiskeli. Akavua kofia.

"Abel, rudisha moto ulipokuwa. Injini yako haina kosa."

"Nani kasema?"

"Mimi. Kosa ni langu." Akaitoa futi ya Mwaisha mfukoni, akampa. "Pima na hii."

Abel alipima. Akapima tena akianzia ncha ya pili. Bartholomeo alimweleza yote akiwa amesimama, kofia mkononi, kama mtu aliye mbele ya padri: habari ya shaba, inavyosinyaa, rula inavyorefushwa, mkono ulivyokwenda kabatini wenyewe. Akamweleza hata lile wazo la njiani.

Abel alipitisha kiganja juu ya propela mpaka nchani.

"Kwa hiyo, Mluguru," alisema, "umenichongea pateni."

"Nimekuchongea pateni."

"Basi sina neno. Tuiache hapa ipoe. Asubuhi itakuwa sitini."

Bartholomeo hakuelewa mara moja. Alipoelewa, kicheko kilimtoka kutoka mahali ambapo hofu ilikuwa imekaa tangu mchana, akacheka mpaka akashika ubawa wa ndege, na Abel akimtaka asiushike hapo, kitambaa kitatoboka. Abel alisema faini ni jogoo, mkubwa, wa Mgeta, si hawa wa mjini. Na kwa kuwa siku ya Jumatano ulinisema vibaya mbele ya ndege yangu, wawe wawili. Bartholomeo akasema kwa mtani mwenye njaa kama wewe, ni wawili tu?

Kisha wakafanya kazi, jua lingalipo. Abel alirudisha moto mahali pake. Bartholomeo alikata kila ncha robo inchi, akaiviringisha kwa tupa, akaisawazisha kwenye chuma, wakaifunga, wakawasha: mshale ukapita alama nyekundu, ukasimama elfu mbili mia sita na arobaini. Wakashusha tena. Akakata kilichobaki kwa futi ya Mwaisha mpaka sitini kamili. Safari hii Abel alipovuta mafuta, sauti yenyewe ilikuwa nyingine, nyepesi, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Elfu mbili na mia saba, na ziada kidogo juu yake. Bartholomeo alisimama nyuma ya mkia, upepo wa propela ukimpiga usoni na kumkausha macho, akakaa humo humo mpaka Abel alipozima.

Jumamosi kulikuwa na ukungu kwenye vilele, bondeni kweupe. Mkaguzi alikuja na mwavuli na kalamu mbili. Mwaisha naye alikuja, kwa miguu yake, kudai futi yake. Bartholomeo alikuwa amesimama kando ya kisiki, rozari mfukoni, hajala tangu mchana wa jana, anatazama mikaratusi na kuihesabu bila sababu.

Ndege ilikimbia kwenye majani, mkia ukainuka, na kabla haijafika katikati ya uwanja magurudumu yaliacha ardhi. Hayakurudi. Ilipanda. Ilipofika kwenye mikaratusi ilikuwa juu yake mara mbili ya urefu wa miti, na kivuli chake kikapita juu ya majani taratibu, kikaelekea milimani. Bartholomeo aligundua kuwa alikuwa ameshikilia pumzi. Aliiachia, akakaa kwenye kisiki, na njaa ikamshika ghafla, njaa ya kweli, ya mtoto. Mwaisha alikuwa na ndizi za kuchemsha kwenye kitambaa. Alikula nne, macho juu.

Dakika kumi na tano baadaye Abel alitua, akadundadunda, akasimama. Mkaguzi aliandika, akapeana mikono na watu wote, hata na Mwaisha. Abel alishuka, akaja mpaka kwenye kisiki.

"Inapanda kama Mluguru mwenye gunia," alisema.

"Dodoma chai itapoa."

"Ipoe."

Injini ilipopoa, Mwaisha alileta mfuko wake, ule ule, hakuwa ameufumua hata ushono mmoja. Aliuvisha upande wa kwanza, akauvisha wa pili, akafunga kamba. Ukaingia wote, ncha na yote, na alipopitisha kidole ndani ya mdomo wa mfuko palibaki nafasi ndogo.

"Nusu inchi," akasema. "Ya kupumulia."

Ile rula ya chuma Bartholomeo hakuificha tena. Mwaisha aliishonea kishada chekundu cha kitambaa cha sare mwishoni, kisichoweza kumpita mtu mwenye macho, na Bartholomeo akaitundika msumari mmoja na ile ya njano. Wateja wakiuliza mbona hii imevaa, huwaeleza, tangu mwanzo, habari ya shaba na yote yaliyofuata, wala haruki hata mahali pamoja. Na Jumatatu ile Mwaisha alipofika kazini alikuta baraza imekwishafagiwa, upande wa mbao na upande wa nyuzi.